Nilivyowapangisha Foleni Wapenzi wa Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati, nimevaa koti jipya, cheti changu kimelala salama ndani ya bahasha ya plastiki, na kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa kisu butu cha kukwangulia chingamu. Yadi ya mabasi ilikuwa Stechford, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Meneja wa Safari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kikubwa kama ndoo ya kufulia. Nikamwonyesha cheti. Akakisoma mbele, akakigeuza akakisoma na nyuma, ingawa nyuma hapakuandikwa kitu.

"Cheti kizuri sana, bab," akasema. Bab ni neno la Birmingham. Mtu hukuita hivyo akikupenda, au akikuuzia vitunguu. "Sasa panda basi namba tatu, uanzie kiti cha nyuma kabisa."

Nikakwangua viti arobaini na tisa. Naapa mle ndani mlikuwa na chingamu ya tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mchana Meneja akaja kukagua, akapitisha kidole chini ya kiti, akatikisa kichwa kuridhika, halafu akaniketisha na kunipa sharti la kazi.

"Kazi ya msindikizaji ni rahisi," akasema. "Abiria arudi na idadi ile ile ya viatu aliyoondoka nayo, na arudi anacheka. Bustani tunazowapeleka wakituandikia kulalamika, nitakuonya. Wakitufungia geti, bab, mimi na wewe tutapeana mkono wa kwaheri."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Hakuwa anafanya mzaha, na hilo la kufungiwa geti ndilo lililokuja kunikosesha usingizi na nusura linitoe kazini.

Nijieleze kidogo, kwa sababu ninyi mnaosimamia safari hizi sasa mnanijua tu kama Mama Sahra wa kwenye simu. Nilizaliwa na kukulia Isiolo, nikakaa Uholanzi miaka ya kutosha kuzoea jibini, kisha nikahamia Birmingham nikiwa na watoto, masufuria, na Kiingereza cha kuombea chumvi. Mimi ni mhitimu wa ngumbaru, elimu ya watu wazima, na sioni haya kulisema. Kila jioni baada ya kusafisha maofisi nilikwenda Lozells, darasa la juu ya duka la mboga, harufu ya dania ikipanda kwenye ngazi pamoja nasi. Miaka miwili nikasomea utalii na usafirishaji wa wageni. Katika mtihani wa mwisho nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Darasa zima tulikuwa watu sita, lakini hilo halikuandikwa kwenye cheti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Msindikizaji ndiye anayeshika orodha ya abiria, maikrofoni, mifuko ya kutapikia, na heshima ya kampuni. Orodha inasomwa mara tatu: wakati wa kupanda, kabla ya kuondoka kule mlikokwenda, na tena mkishafika barabara kuu, kwa sababu daima kuna mtu aliyejibu kwa niaba ya shemeji yake. Mimi sikuhesabu watu kwa nyuso. Watoto huinama, wazee hulala, kina mama hujifunika mashuka. Nilitembea katikati ya basi nikihesabu miguu, nikagawa kwa mbili. Kwa njia hiyo sikuwahi kumwacha mtu, ila mara moja nilipata miguu tisini na saba, nikamkuta baba mmoja amekalia wa kwake.

Kitu cha pili cha kujua ni mashine ya dereva. Mbele ya usukani kuna kifaa kinachoandika kila dakika anayoendesha na kila dakika anayopumzika, na sheria ya saa zake haina huruma. Dereva akipitiliza, leseni yake iko hatarini. Kwa hiyo tukisema basi linaondoka saa kumi na mbili jioni, ni saa kumi na mbili, hata kama mama yako mzazi yumo kwenye foleni ya chipsi.

Nilianzia kwa wastaafu wa kupenda maua, nikawapeleka kutazama bustani za mabwana wa zamani, na nikajifunza majina ya mawaridi mengi kuliko ya jamaa zangu. Kisha nikahamishiwa safari za masoko ya majira ya baridi. Huko bosi wangu alikuwa Mdhibiti wa Yadi, mtu aliyezungumza mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza aliniambia, "Umechelewa." Ya pili akaniambia, "Hukuchelewa." Nikajua nimepandishwa cheo.

Ndipo nikapewa Jumamosi ya Shamba.

Shamba ni jina letu sisi. Jina lake halisi liko kwenye mabango na halinihusu. Ni bustani kubwa ya michezo huko nje ya mji, ukishapita ng'ombe na ua wa miti, ina rola kosta, zile treni ndogo za kupanda kilele na kuporomoka, za chuma na moja ya mbao, ziwa, farasi wa kuzunguka, na hoteli yake ndani humo humo. Tuliiita Shamba kwa sababu ya wale ng'ombe. Nilipoipokea safari hiyo basi lilikuwa linakwenda na watu kumi na mmoja, na Meneja alishaamua kuifuta.

"Nipe wiki tatu," nikamwambia.

"Utawatoa wapi watu, bab?"

Nilikuwa nimeshapanda basi la kwenda Lozells. Nikazunguka madukani, misikitini, kanisani kwa Wakongo, kwa vinyozi, kwenye jiko la harusi ya Wahindi wa Kampala, na Perry Barr, wakati ule daraja la juu la magari bado limesimama na hakuna aliyeota habari ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Popote niliposikia Kiswahili nilisimama. Cha Mombasa, cha Bukavu, cha Dodoma, cha vijana wa Nairobi ambacho nusu yake nilikuwa nakisia. Wiki ya tatu basi lilijaa hadi dereva akauliza kama kuna mtu anayehama nchi.

Wawili kati ya watu hao lazima niwataje. Wa kwanza ni Mzee Gurdev, Singasinga wa Kisumu, fundi magari mstaafu wa Perry Barr. Kilemba chake alikifunga kwa pini za ziada siku za Shamba, na rola kosta ya mbao aliijua kama injini aliyoifungua mwenyewe. Wa pili ni Mama Furaha wa Bukavu, mpishi wa shule, mwanamke ambaye akipiga ukelele kwenye mteremko wa kwanza, ng'ombe wa jirani walikuwa wanatoa maziwa bila kukamuliwa.

Hao wawili ndio walioanzisha mapenzi. Tukiwa njiani kurudi, badala ya kulala, watu walikuwa wanaelezana walichogundua. Tukafungua kikundi cha simu, tukakiita Wapenzi wa Shamba, na kabla mwezi haujaisha vidokezo vilikuwa vinaingia kama mvua ya Birmingham, yaani bila kukoma.

"Sikiza, mama," Mzee Gurdev aliniambia siku ya kwanza, "kila mtu akiingia geti anaenda kulia. Kwa nini? Hajui hata yeye. Sisi tunaenda kushoto, mpaka nyuma kabisa, tunarudi mbele pole pole. Utapanda tatu kabla wao hawajapanda moja."

Ilikuwa kweli. Ikawa kidokezo namba moja. Namba mbili ilikuwa ya Mama Furaha: ile ya mbao ukae behewa la mwisho, kwa sababu kileleni behewa la mbele linasubiri wenzake lakini la mwisho linavutwa kama limeitwa na deni. Tatu, mvua ikianza usikimbie, maana Waingereza ndio wanaokimbia, na foleni ya dakika sabini inabaki ya kumi. Na vingine, bila mpangilio: beba jozi mbili za soksi. Kula kabla ya adhuhuri. Ubao wa dakika ulioko mwanzo wa foleni unatia chumvi, ukisema sitini utasimama arobaini na tano. Chumba cha utulivu cha kuswalia kipo karibu na farasi wa kuzunguka, uliza tu, watakufungulia kwa adabu. Na mkilala hotelini, ombeni ghorofa ya tatu upande wa ziwa. Asubuhi ukifungua pazia unaona ile ya mbao imekaa kwenye ukungu, haijaamka bado, unaweza kutoa machozi. Mzee Gurdev aliyatoa. Alisema ni vumbi.

Namba saba niliitoa mimi mwenyewe. Niliiandika kwa herufi kubwa, na nyota pembeni. Mtu mmoja ashike foleni, wengine wakale.

Ninyi mliozaliwa hapa mtashtuka, lakini kwetu hicho hakikuwa kidokezo, yalikuwa maisha. Isiolo kwenye bomba la maji unaacha mtungi wako kwenye mstari unakwenda zako. Kliniki unaacha kadi. Bukavu, aliniambia Mama Furaha, mtu anaacha hata ndala moja, na ile ndala inaheshimiwa kama mtu mzima. Anayeshika nafasi ya wenzake ni mtu mwaminifu, na wenzake wakija wanasogezewa, hakuna anayenuna. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna dunia ambako mwili wako ndio nafasi yako, na ukiondoa mwili umeondoa kila kitu. Miaka miwili ngumbaru, na somo hilo halikufundishwa.

Ikaja likizo ya masika. Foleni ya rola kosta ya mbao ilikuwa ndefu kutoka pale hadi Marsabit. Ubao ulisema dakika tisini. Mama Furaha akajitolea. Akasimama peke yake, watu wake kumi na watatu wakaenda kula. Alipofika karibu na mlango akavua kitenge cha begani akakipunga hewani, na hao wakaja wote, shangazi, mabinamu, wakwe, wanapita katikati ya watu na chipsi mkononi, "samahani, samahani, asante." Mmoja wa watoto, mzaliwa wa Birmingham, alisema kwa Kiingereza kwamba huku ni kuruka foleni na yeye anaona aibu. Akaambiwa anyamaze, awasalimie watu.

Waingereza waliokuwa nyuma hawakusema neno. Walikohoa. Kwanza mmoja, kisha mstari mzima. Sisi tukadhani ni mafua.

Baada ya dakika tano wakaja walinzi wanne, na watu kumi na wanne wa basi langu wakasindikizwa hadi getini kwa upole wa kutisha. Niliwakuta wamekaa ukingoni mwa barabara, chipsi zimepoa.

"Dada, nilimwambia!" Mama Furaha alikuwa karibu kulia. "Yule baba ya nyuma yangu, nilimwambia batu yangu beko nakuja. Akanijibu vizuri, akacheka na miye! Ju ya nini anicheke kama hataki?"

"Alidhani anakuja mume wako tu," nikamwambia.

"Mume yangu haogopi mteremko? Huyo hawezi kupanda hata ngazi."

Sikucheka. Nilijua nani aliyeandika namba saba.

Barua ikafika Jumanne. Meneja aliniita ofisini akaisoma kwa sauti, chai imepoa mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mkuu wa Huduma za Wageni wa bustani alikuwa anafikiria kulizuia kundi letu lisiingie tena, kabisa, na alitaka mtu wa kampuni aende kujieleza.

"Hii ndiyo ile ya geti, bab," akasema Meneja taratibu. "Wakifunga, safari ya Jumamosi imekufa, na cheo chako kimekufa nayo. Sina safari nyingine ya kukupa. Nenda wewe. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Kikundi cha simu, ambacho hakikuwahi kunyamaza hata wakati wa sala, kilinyamaza siku mbili. Mzee Gurdev alinipigia. "Mama, mimi nimestaafu, mke wangu alikwenda mbele ya haki, watoto wako Canada," akasema. "Jumamosi ndiyo siku ninayonyoa ndani ya wiki." Kumbukeni ni Singasinga, na Singasinga hanyoi. Alimaanisha siku anayojipamba. Nikajua hata yeye amechanganyikiwa.

Nilikwenda kwa treni na koti langu lile lile. Mkuu wa Huduma za Wageni alikuwa mwanamke mwembamba, nywele fupi, redio ya mkononi ikimnong'oneza kiunoni. Hakunipa mkono, ila alinipa kiti.

"Niambie kwa nini watu wako wanadhani sheria haziwahusu," akasema.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kitaalamu, yenye maneno yote ya mtihani. Yakanipotea. Nikamweleza habari ya mtungi wa Isiolo. Nikamweleza habari ya ndala ya Bukavu. Kisha nikafungua simu nikamwonyesha namba saba, na nyota yake.

"Hawa hawakudharau mtu," nikasema. "Mimi niliwaambia wafanye hivyo. Ukitaka kumfungia mtu geti, nifungie mimi. Yule mama aliyepunga kitenge amewahi kupanda ile yenu ya mbao mara nyingi kuliko wafanyakazi wako."

Akaiangalia simu, akaniangalia mimi. "Ndala moja?"

"Moja. Ukiacha mbili ni kiburi."

Hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea. Akasema, "Jumamosi moja. Nitakuwepo mwenyewe. Mtu mmoja tu wa basi lako akiingia mbele ya mwingine, hata mtoto, barua ya pili inatoka Jumatatu."

Wiki hiyo nilikodi ukumbi mdogo Perry Barr nikaendesha ngumbaru ya foleni. Msicheke. Niliweka meza na sinia la sambusa, nikapanga mstari wa wazazi na watoto, nikapita na rula kama mwalimu wa zamani. Kanuni ilikuwa moja: anayetoka ametoka, akirudi anaanza mwisho. Hakuna kushikiwa. Mama mmoja alitoka kujibu simu, akarudi akaingia pale pale alipokuwa. Watu arobaini wakakohoa kwa pamoja. Tulicheka hadi tukavunjika mbavu, lakini hakurudia. Watoto ndio walikuwa walimu wangu wasaidizi, kwa Kiingereza, kwa ukali ambao polisi wangeuonea wivu. Namba saba nikaifuta mbele ya wote.

Jumamosi ikafika na mvua. Viti arobaini na tisa, miguu tisini na minane. Nilishika maikrofoni nikasema, "Leo hatuendi kucheza, tunakwenda kufanya mtihani," na basi zima likasema amina, Waislamu, Wakristo na Mzee Gurdev.

Mkuu wa Huduma za Wageni alisimama kwenye daraja dogo linalotazama ile ya mbao, mwavuli mkononi, na kila nilipoinua macho alikuwa pale kama saa ya mnara. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Watu wangu walipanga foleni kwa unyoofu wa kutia wasiwasi. Hata kununua chai waliacha nafasi ya hatua mbili kati yao, hadi Mwingereza mmoja akauliza kama kuna ugonjwa.

Kidokezo chetu kingine kilikuwa kumalizia siku na ile ya mbao. Foleni yake inafungwa kwa kamba saa kumi na moja kamili. Aliye ndani ya kamba atapanda, aliye nje amekosa. Kwa hiyo saa kumi kasorobo basi zima lilikuwa ndani ya mstari, limetawanyika katikati ya watu wengine. Mimi nilibaki nje ya uzio na mifuko. Mama Furaha na watu wake kumi na watatu walikuwa mbele ya wenzetu wote, na miongoni mwao alikuwemo shangazi yake mzee, aliyekuja kutoka Ubelgiji baada ya kusikia habari za mteremko huu kwenye simu mwaka mzima.

Saa kumi na dakika hamsini walibakisha watu kama kumi kufika mlangoni. Hapo nikamwona shangazi anamnong'oneza Mama Furaha. Mama Furaha akafumba macho. Akanitazama mimi juu ya uzio.

"Toilette," akasema, bila sauti, midomo tu.

Nikaweka mifuko chini. Juu darajani mwavuli haukusogea. Yule bwana wa nyuma yao, Mwingereza mwenye mjukuu begani, alikuwa ameshaelewa. "Mpeleke tu, bab," akamwambia Mama Furaha. "Nendeni wawili, tutawashikia nafasi."

Sikuamini masikio yangu. Mwingereza, kwa hiari yake, anashika nafasi! Mama Furaha angekubali, shangazi angekwenda na kurudi, na hakuna ambaye angekohoa. Lakini aliangalia darajani, akaniangalia tena, akamshukuru yule bwana kwa mikono miwili. Kisha akainua kamba ya pembeni akatoka na shangazi yake. Nyuma yake akatoka binti. Nyuma ya binti wakatoka mabinamu, wakwe, watoto, wote kumi na watatu, mmoja mmoja, bila kuulizana.

"Beko naenda wapi?" akauliza mtu wa basi letu kutoka katikati ya foleni.

"Tunarudi mwisho. Shangazi anaenda haja," akajibu binti.

 Halafu naye akainua kamba akatoka. Na aliyefuata. Wapenzi wa Shamba walitoka kwenye ule mstari kama kamba ya shanga iliyokatika, kila pembe wawili, watatu, huku Waingereza wakitazama kwa mshangao mkubwa kuliko siku ya chipsi.

Mzee Gurdev ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. "Nimesimama saa nzima!" akapiga kelele. "Saa nzima, mama! Goti linalia kama gari bila grisi! Huyu shangazi hata simjui!" Na huku anasema hivyo alikuwa ameshainua kamba.

Wakaenda hadi mwisho wa foleni. Shangazi hakuwa mtu wa mbio. Alikwenda chooni kwa mwendo wa bibi harusi, na akarudi kwa mwendo huo huo. Kijana wa bustani mwenye kamba ya kufungia foleni alishafika. Zilibaki dakika mbili, halafu moja. Sikuwaona watu wangu wakimwita wala kumshikia nafasi. Walisimama kando ya mstari wote, hakuna aliyeingia, wanamsubiri aingie yeye kwanza.

Mkuu wa Huduma za Wageni alishuka kutoka darajani. Akaichukua kamba mikononi mwa yule kijana. Akaitazama saa yake, na aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Shangazi akapita, akamsalimu kwa Kifaransa. Arobaini na nane wakapita nyuma yake. Ndipo Mkuu akafunga kamba.

"Aliyehitaji choo alikuwa mmoja," akamwambia Mama Furaha. "Ninyi wengine mlitoka kwa nini?"

Mama Furaha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji.

"Madame," akasema, "tulikuja naye."

Mkuu akamrudishia kijana kamba yake. Kisha akanigeukia mimi na mifuko yangu. "Jumamosi ijayo basi lenu linafika saa ngapi? Nataka kuwaandalia sehemu ya kuegesha."

Kwa mvua ile foleni ilikwenda mbio, wakapanda wote. Dereva alikuwa amekaa mlangoni mwa basi, jicho moja kwenye mashine yake. Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro sekunde. Nilipofika barabara kuu nikahesabu miguu mara ya tatu, nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Nikaamua kuwaamini.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingine miwili. Niliondoka mwenyewe, magoti yalipoanza kuniandikia barua za malalamiko, miezi michache tu kabla ya ule ugonjwa uliofunga mageti yote duniani. Siku ya kuniaga Meneja alijaribu kutoa hotuba, akaishia kusema, "Hukunipotezea mtu, bab," akaenda kutafuta chai. Mdhibiti wa Yadi akanipungia mkono, na hilo kwake ni gwaride.

Sasa mambo yamebadilika. Mnaniambia foleni nyingine ziko ndani ya simu, mnabonyeza kitufe mnaitwa zamu yenu ikifika, na muda wote huo kila mtu yuko upande wake. Ni maendeleo, sibishi. Ila mimi nikikumbuka Shamba, miteremko naikumbuka kwa kusimuliwa tu. Ninachokiona ni watu wangu wamesimama kwenye mvua, wamelowa soksi za kwanza, wanabishana behewa lipi ni tamu, Mzee Gurdev akimfundisha mtoto wa Kitanzania jinsi mbao zinavyopumua. Kazi yangu ilikuwa ile. Mteremko ni dakika mbili. Sisi tulikuwa pamoja zile sitini zilizotangulia.

Mnaniuliza kila wiki kidokezo kipi ni bora kuliko vyote, na nimevipima vyote, vya Mzee Gurdev, vya Mama Furaha, na vyangu nilivyobakiza. Kushoto ni kuzuri, behewa la mwisho ni zuri, ghorofa ya tatu ni paradiso ndogo. Lakini shikeni hiki kutoka kwa mtu aliyekaribia kupoteza kazi. Kabla hamjaingia kwenye foleni, mpelekeni kila mtu chooni. Hata anayesema hana haja.